Deni la Kadi na Mafungu ya Akiba: Kipi Kitangulie kwa Mwenye Mshahara Mmoja Dodoma

Mtu mwenye deni kwenye kadi ya mkopo, ambaye wakati huohuo ametenga mafungu ya akiba kwa ajili ya kodi ya nyumba, shule, chakula na kiwanja, hukutana na swali moja kila mshahara unapoingia: avunje mafungu yake alipe deni, au ayatunze na kulilipa deni polepole? Nimezipitia njia zote mbili hapa Dodoma. Nilipokaa kuzipigia hesabu, niliona kwamba kosa letu wengi huanzia kwenye jina, kwa sababu fedha tunazoziita akiba si za namna moja, na fungu moja linaweza kustahili kuvunjwa leo ilhali la pembeni yake likivunjwa linazaa deni lingine kabla ya miezi miwili kupita.

Nitatumia mfano mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho ili ulinganisho usiyumbe. Mtumishi anayepanga nyumba Ilazo, hapa Dodoma, anadaiwa shilingi 2,400,000 kwenye kadi, na riba tuichukulie kuwa asilimia 3 kwa mwezi. Kila benki ina kiwango chake, hivyo msomaji aweke kile kilichoandikwa kwenye mkataba wake na kurudia hesabu. Mafungu yake yana jumla ya 1,300,000: kodi 600,000, shule 200,000, dharura 150,000, kiwanja 300,000 na gunia la mahindi 50,000. Kodi yake ni 150,000 kwa mwezi, lakini mwenye nyumba hupokea ya miezi sita kwa mkupuo, yaani 900,000, na zamu ya kulipa itafika baada ya miezi miwili. Akishatoa chakula, nauli, umeme na maji, hubakiwa na 420,000 za kugawa kila mwezi. Mpaka sasa amekuwa akigawa hivi: kodi 150,000, shule 50,000, mahindi 25,000, dharura 25,000, kiwanja 50,000, na kadi 120,000.

Kadi inavyohesabu

Kabla ya kulinganisha njia, ni lazima tuelewe deni lenyewe linavyokua, maana kadi ya mkopo haifanani na mkopo wa mshahara ambao marejesho yake yamepangwa tangu siku ya kwanza. Anayenunua kwa kadi na kulipa taarifa yote ya mwezi kabla ya tarehe ya mwisho kwa kawaida hatozwi riba kwa manunuzi hayo. Akilipa sehemu tu, riba huanza kuhesabiwa kwa siku juu ya kiasi kilichobaki, na mara nyingi hata manunuzi mapya hupoteza zile siku za bila riba mpaka deni lote liishe. Kutoa fedha taslimu kwa kadi hiyo kuna masharti magumu zaidi, kwa kuwa benki hukata ada ya kutoa na riba huanza siku ileile.

Kisha kuna kima cha chini cha malipo, ambacho huandikwa wazi kwenye taarifa na humfanya mtu ajione yuko salama. Katika mfano wetu 120,000 ni asilimia 5 ya deni. Mwezi wa kwanza, 72,000 kati ya hizo ni riba, na deni la msingi linapungua kwa 48,000 tu. Zaidi ya nusu ya alicholipa hakikugusa deni.

Njia ya kwanza: kuvunja mafungu yote

Hoja ya njia hii ni nzito na haifai kupuuzwa. Fedha iliyolala kwenye akaunti ya akiba inayolipa, tuseme, asilimia 4 kwa mwaka huleta shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kila 600,000. Kiasi hichohicho kikipelekwa kwenye kadi huzuia riba ya 18,000. Kwa hesabu hiyo, kuweka akiba huku kadi inakula ni sawa na kuchota maji kwa ndoo iliyotoboka.

Mtumishi wetu akipeleka 1,300,000 zote, deni linashuka hadi 1,100,000. Mwisho wa mwezi wa kwanza riba ni 33,000, analipa 420,000 zote, na deni linabaki 713,000. Mpaka hapo kila kitu kinapendeza. Mwezi wa pili riba ya 21,390 inaongezeka na deni linakuwa 734,390, lakini siku hizohizo mwenye nyumba anahitaji 900,000, na mkononi zipo 420,000. Zinapungua 480,000.

Mahali hapo ndipo mimi nilipokwama. Nilifungua kibubu changu cha mbao kwa bisibisi, nikazinyoosha noti za elfu mbili zilizokunjwa mara nne, nikaongeza zilizokuwa kwenye simu na benki, nikalipa kadi kwa moyo mweupe kabisa. Wiki sita baadaye mama mwenye nyumba, ambaye hunisalimu "Mbukwa" kila tukionana, aliniita barazani akaniambia kwa upole, "Mwanangu, kodi yako inaisha tarehe 30. Nakukumbusha mapema ili usije ukahangaika." Nilihangaika. Nilikwenda kwenye mashine ya kutolea fedha na kadi ileile niliyokuwa nimeipunguzia deni. Taarifa iliyofuata ilikuwa na mistari miwili ambayo sikuwahi kuiona kabla: ada ya kutoa fedha taslimu, na riba iliyohesabiwa tangu siku niliyosimama pale kwenye mashine.

Turudi kwenye mfano ili tuone njia hii ilimfaidi nini mtumishi wetu. Katika miezi miwili alilipa riba ya 54,390. Angefuata njia ya tatu, nitakayoieleza punde, angelipa 122,040. Tofauti ni 67,650, na hiyo ndiyo faida yote ya kuvunja kila kitu. Sasa, akizipata zile 480,000 mtaani kwa wakopeshaji wa kausha damu, kwa masharti kama ya laki moja kurudi laki moja na elfu ishirini baada ya mwezi, gharama yake ni 96,000 kwa mwezi mmoja. Faida imekwisha na hasara ya 28,350 imeanza, mbali na usumbufu wa kuacha kadi ya benki au hati ya kiwanja mikononi mwa mtu baki.

Kwa hiyo njia ya kwanza inamfaa mtu ambaye hana malipo makubwa ya mkupuo karibuni: anayekaa nyumba yake mwenyewe, au anayelipa kodi mwezi kwa mwezi, au aliyetoka kulipa kodi wiki iliyopita na ana miezi mitano ya kujaza fungu upya. Kwa mtu wa namna hiyo ningesema avunje mafungu bila kusita, abakize la dharura tu.

Njia ya pili: kutunza kila fungu na kulipa kima cha chini

Hii haihitaji maneno mengi. Akiendelea na 120,000 kila mwezi bila kutumia kadi tena, atalipa kwa miezi 31, na riba peke yake itafika takriban 1,320,000. Hapo nimechukulia kwamba anashikilia 120,000 hata deni likipungua. Kwenye kadi nyingi kima cha chini hushuka kadiri deni linavyoshuka, hivyo anayefuata kiasi kilichoandikwa kwenye taarifa peke yake atachukua muda mrefu zaidi ya huo.

Naelewa kwa nini watu wanaipenda. Fungu la kiwanja likisoma 300,000 linatia moyo, na deni la kadi halionekani kwa macho. Hata hivyo fungu hilo, hata likiwekwa mahali panapolipa asilimia 12 kwa mwaka, linaleta 3,000 kwa mwezi huku kadi ikitoza 9,000 kwa kiasi kilekile. Kila mwezi kiwanja hicho kinasogea mbali kwa shilingi 6,000 ingawa daftari linaonyesha kwamba kinakaribia.

Njia ya tatu: kupambanua mafungu kabla ya kuyagusa

Njia ninayoitetea huanza kwa kuuliza swali moja kwa kila fungu: fedha hii isipokuwepo siku yake ikifika, nitalazimika kukopa? Likijibiwa ndiyo, fungu hilo ni deni ambalo tarehe yake haijafika, na kulivunja ili kulipa kadi ni kuhamisha deni kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, pengine kwa riba kubwa zaidi. Likijibiwa hapana, fungu hilo ni tamanio. Tamanio ni jambo jema, lakini linaweza kungoja.

Kodi inajibu ndiyo. Shule inajibu ndiyo pia: serikali ilitangulia kuondoa ada katika shule zake za msingi, kisha ikaiondoa katika sekondari hadi kidato cha nne mwaka 2016, na kidato cha tano na cha sita mwaka 2022, lakini sare, madaftari, viatu na nauli vinamngoja mzazi kila Januari. Dharura inajibu ndiyo kwa asili yake. Hapa mtumishi wetu asitafute ukubwa, kwa kuwa 150,000 zinatosha kwa mambo yanayotokea mara nyingi: dawa ambazo bima haikuzitoa, au msiba wa ghafla Dar es Salaam. Safari za treni ya SGR kati ya Dar es Salaam na Dodoma zilipoanza mwaka 2024, nauli ya daraja la kawaida ilikuwa 31,000, kwa hiyo kwenda na kurudi ni 62,000 na rambirambi inabaki. Fungu hilo libaki hapo lilipo, lisiongezwe mpaka kadi iishe. Kiwanja kinajibu hapana, na 300,000 zake ziende kwenye kadi leo.

Fungu la mahindi linastahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu wengi wangelidharau, na wakazi wa kanda hii wanajua uzito wake. Mkoa wa Dodoma una msimu mmoja wa mvua, kuanzia karibu na Desemba hadi Aprili. Mahindi huwa mengi baada ya mavuno, katikati ya mwaka, na soko la Kibaigwa wilayani Kongwa hujaa magunia kando ya barabara kuu ya Morogoro. Kufikia Februari ghala za nyumbani zimepungua na bei imepanda. Tuseme gunia la kilo 100 linapatikana kwa 60,000 mwezi Julai, na mwezi Februari mtu analazimika kununua kiasi hichohicho kwa madebe kwa jumla ya 90,000. Fungu la 60,000 limeokoa 30,000, yaani nusu ya thamani yake, katika miezi saba. Katika muda huo kadi, kwa asilimia 3 kwa mwezi, ingetoza takriban 13,800 kwa kiasi hicho. Kwa hesabu hiyo gunia linaishinda kadi waziwazi, na fungu lake liachwe liendelee, mradi mahindi yahifadhiwe kwenye mifuko isiyopitisha hewa ili dumuzi wasiigeuze faida kuwa unga wa kumwaga. Bei hubadilika mwaka hadi mwaka, hivyo anayefuata ushauri huu aulize sokoni kabla ya kuamini namba zangu.

Baada ya upambanuzi huo hesabu inakuwa hivi. Kadi inapokea 300,000 za kiwanja na deni linashuka hadi 2,100,000. Kila mwezi kodi inapata 150,000, shule 50,000 na mahindi 25,000 kama kawaida. Zile 50,000 za kiwanja na 25,000 za dharura zinaungana na 120,000 za kadi, jumla 195,000. Deni linaisha katika mwezi wa 14, na riba yote ni takriban 475,000. Ikilinganishwa na njia ya pili, ameokoa zaidi ya 840,000 na miezi 17, na mama mwenye nyumba amepata 900,000 zake kwa tarehe.

Mafungu yakae wapi

Fungu la kodi linahitaji mahali penye ugumu kidogo wa kutoa, lakini pasiwe na kufuli la muda mrefu. Kibubu cha nyumbani hakina makato, ila kina hatari ya wizi, na kina udhaifu wa kuwa karibu na kitanda siku unapoishiwa na fedha. Akaunti ya simu ni nyepesi kuliko zote, na ndiyo maana huliwa kwa urahisi; tena kila kutoa kuna makato, kwa hiyo kugawa mafungu madogomadogo na kuyatoa mara kwa mara kunayapunguza. Akaunti ya malengo benki, iliyotengwa na ile inayopokea mshahara, ndiyo ninayoipendelea kwa kodi na shule.

VICOBA, yaani vikundi vya kuweka na kukopa, ni kisa kingine. Nidhamu ya kununua hisa kila wiki mbele ya wenzako hakuna programu ya simu inayoweza kuiiga. Hata hivyo kikundi hugawana fedha mwisho wa mzunguko, ambao mara nyingi ni wa mwaka mmoja, na kodi haiwezi kungoja siku ya kuvunja. Mwenye deni la kadi aendelee na kiwango cha chini kabisa cha hisa ambacho kikundi kinaruhusu ili asipoteze nafasi yake, na ziada aipeleke kwenye deni.

Upatu, au mchezo kama wengi tunavyouita, una jambo moja ambalo sijasikia likisemwa vya kutosha. Watu 10 wakichanga 60,000 kwa mwezi, anayepokea wa kwanza ameshika 600,000 ambazo atazirudisha kidogokidogo kwa miezi tisa bila riba, na akizipeleka kwenye kadi anazuia 18,000 mwezi wa kwanza tu. Anayepokea wa kumi amewakopesha wenzake bure mwaka karibu mzima, huku yeye akitozwa asilimia 3 kila mwezi. Mwenye deni la kadi aombe zamu ya mwanzo na aeleze sababu kwa uwazi. Wana mchezo wengi ni waelewa. Akikosa, ni afadhali akae nje ya duru hiyo.

Madeni zaidi ya moja, na mkopo wa mshahara

Mwenye kadi mara chache ana deni la kadi peke yake. Mara nyingi kuna mkopo wa simu na daftari la duka la jirani. Wapo wanaoanza na deni dogo ili wapate nguvu ya kuendelea, na wapo wanaoanza na lenye riba kubwa. Kwa fedha, la pili ndilo sahihi, na mkopo wa simu wa wiki chache ukigawanywa kwa siku zake huwa ghali kuliko kadi hata kama ni elfu thelathini tu. Daftari la duka halina riba, lakini mwenye duka ni jirani anayekuamini, naye ana bidhaa za kununua. Mimi nililimaliza kwanza na siijutii hesabu hiyo.

Kuna pia wanaochukua mkopo wa mshahara ili kufuta kadi, na kwa mtumishi mwenye ajira ya kudumu ulinganisho huu unaweza kuwa mzuri. Mkopo wa asilimia 16 kwa mwaka, riba ikihesabiwa kwa salio linalopungua, ungetoza 28,000 mwezi wa kwanza kwa 2,100,000, mahali ambapo kadi ingetoza 63,000. Akirejesha 195,000 kwa mwezi anamaliza ndani ya mwaka, na riba yote ni takriban 180,000 badala ya 475,000. Kutoka kwenye tofauti hiyo atoe ada ya mkopo na bima, na aulize kwa maandishi kama riba inahesabiwa kwa salio linalopungua au kwa kiasi cha mwanzo muda wote, kwa kuwa tofauti ni kubwa. Mtumishi wa umma akumbuke pia kwamba makato hayatakiwi kuuacha mshahara chini ya theluthi moja, hivyo mwenye mikopo mingine huenda asiwe na nafasi. Na kadi, ikishafutwa, ifungwe au kikomo chake kishushwe kwa barua siku hiyohiyo. Nimeona ofisini watu waliobaki na mkopo wa mshahara pamoja na kadi iliyojaa upya kabla ya mwaka kwisha.

Ukifikia malipo ya mwisho, kwa njia yoyote utakayochagua, usitumie salio lililoandikwa kwenye taarifa ya mwezi uliopita. Riba huhesabiwa kwa siku, kwa hiyo kati ya tarehe ya taarifa na siku unayolipa kuna kiasi kidogo kimeongezeka, na kikiachwa kitaendelea kuzaa riba na adhabu ya kuchelewa kwenye kadi unayoamini umeimaliza. Nenda tawini, uliza salio la kufunga kwa tarehe ya siku hiyo, lipa kiasi hicho, na uombe uthibitisho wa maandishi kwamba salio ni sifuri. Zile 195,000 zikirudi mikononi mwezi unaofuata, ningezipeleka kwanza kwenye fungu la dharura mpaka lifike mahitaji ya miezi mitatu, kisha kiwanja.